Breki kubwa, gurudumu lipi?

Tangu Januari 1 mwaka 2025, wamiliki wa magari binafsi katika jimbo la Texas, Marekani, hawalazimiki tena kupeleka magari yao kwenye ukaguzi wa usalama wa kila mwaka.

Katika kaunti za miji mikubwa, zikiwemo Dallas, Tarrant na Harris, magari mengi bado hupimwa moshi, na magari ya biashara yangali yanakaguliwa. Lakini kwa gari la mtu binafsi, breki na magurudumu ambayo awali yalipita mbele ya macho ya mkaguzi sasa yamebaki kuwa jukumu la mwenye gari na fundi wake.

Jambo hilo lina uzito kwa Waafrika Mashariki waishio Dallas, Fort Worth na Houston, miji mipana ambamo ni vigumu kufika kazini bila gari. Lina uzito zaidi kwa wale wanaobadilisha breki za kiwandani na kufunga kubwa zaidi, wengine wakiwa na nia ya kukimbiza magari yao katika viwanja vya MotorSport Ranch mjini Cresson au MSR Houston mjini Angleton.

Breki kubwa, kwa kweli, hazifupishi sana umbali wa kusimama mara moja. Kinacholisimamisha gari hatimaye ni tairi linaloshika lami. Faida yake huonekana breki zinapokanyagwa tena na tena kwa mwendo wa kasi, katika kiangazi cha Texas ambacho joto lake hupita nyuzi 38 za Selsiasi. Diski kubwa humeza joto jingi kabla ya breki kulegea.

Matatizo huanza pale gurudumu la zamani linapokataa kurudi mahali pake.

Mfano wa Subaru

Subaru Impreza, gari lenye wapenzi wengi Nairobi na Kampala, lina wapenzi wake Texas pia, na historia yake inaeleza mambo vizuri.

Toleo la WRX la mwaka 2002 lilikuja Marekani na magurudumu ya inchi 16. Toleo la STI la mwaka 2004 lilikuja na breki za Brembo, diski za mbele zikiwa na kipenyo cha milimita 326, na magurudumu ya inchi 17. Anayehamishia breki hizo kwenye WRX hulazimika kuziaga rimu zake za awali.

Wapo wanaotumia nafasi hiyo kurukia inchi 18 au 19. Hilo ni suala la urembo zaidi kuliko haja. Rimu kubwa kwa kawaida ni nzito zaidi, na ukuta wa tairi lake ni mwembamba. Barabara za Dallas na Houston, ambazo sehemu kubwa zimejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa ukame, hazina huruma na tairi jembamba. Rimu ndogo kuliko zote zinazoweza kupita juu ya breki mpya ndiyo inayofaa, isipokuwa pawepo sababu maalum.

Tairi nalo lichaguliwe ili kimo cha gurudumu zima kisibadilike. Tairi la 205/55 kwenye rimu ya inchi 16 lina kimo cha milimita 632 hivi; la 225/45 kwenye inchi 17 lina milimita 634. Tofauti hiyo haiudanganyi mshale wa spidi. Uwezo wa kubeba mzigo, unaoandikwa ubavuni mwa tairi, usipungue ule wa awali.

Kuna mtego mwingine kwa wanunuzi wa vitu vilivyotumika. STI ya mwaka 2004 iliuzwa Marekani ikiwa na nati tano katika duara la milimita 100. Kuanzia toleo la mwaka 2005 duara hilo likawa milimita 114.3. Katika picha ya tangazo rimu hizo hufanana, lakini ya mwaka 2005 haiingii kwenye habu ya mwaka 2002.

Nafasi mbili, si moja

Kalipa, yaani kile chuma kinachobana diski, huhitaji nafasi ya aina mbili. Ya kwanza ni kati ya mgongo wake na ukuta wa ndani wa rimu. Hii hutegemea zaidi kipenyo. Ya pili ni kati ya uso wake na spoki za rimu. Hii hutegemea umbo la spoki na ofseti.

Ndiyo maana rimu mbili zenye vipimo sawa kabisa zinaweza kutofautiana, moja ikapita na nyingine ikakwaruza. Baadhi ya watengenezaji wa breki hutoa mchoro wa kalipa wenye ukubwa halisi. Mchoro hubandikwa kwenye kadibodi, ukakatwa na kuzungushwa ndani ya rimu kabla fedha hazijatoka mfukoni. Nafasi ya milimita 3 hivi huhesabiwa kuwa ya chini kabisa, na zisisahaulike risasi za kusawazisha gurudumu zinazobandikwa kwa ndani, kwani nazo huweza kugonga kalipa.

Ofseti ni nini?

Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Mara nyingi huandikwa nyuma ya rimu kwa herufi ET. Namba ikipungua, gurudumu husogea nje. Ikiongezeka, huingia ndani.

Chukua rimu ya upana wa inchi 7 yenye ofseti ya 53. Ikibadilishwa kwa ya inchi 8 yenye ofseti ileile, kila upande huongezeka milimita 12.7. Ofseti ikishushwa hadi 35, ukingo wa nje hutokeza karibu milimita 31 zaidi na wa ndani hurudi milimita 5. Spoki zimeikwepa kalipa, lakini sasa tairi linaweza kugusa madigadi.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Mahali tairi linapogusa barabara pamesogea mbali na mhimili ambao gurudumu hugeukia, na beringi hubeba mzigo ambao haikupangiwa. Dereva akikanyaga breki kali huku tairi moja likiwa katika dimbwi, jambo la kawaida mvua zinapoipiga Houston, usukani unaweza kuvutwa upande mmoja kwa nguvu. Breki zikiwa na nguvu zaidi, mvuto huo nao hukua.

Hili lisichanganywe na magari ya "slab" ya Houston, ambayo rimu zake za waya huchomoza kama viwiko. Hapo kinachotokeza ni spoki. Tairi lenyewe ni suala jingine.

Njia ya mkato ni spesa, kipande cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu. Huondoa mgusano wa spoki, lakini hupunguza ofseti kwa unene wake na hula urefu wa skrubu. Nati isipozama kwa kina kinacholingana angalau na unene wa skrubu, gari hilo lisiendeshwe.

Kazi ikimalizika, usukani ugeuzwe hadi mwisho pande zote mbili gari likiwa na abiria, na nati zikazwe tena kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 80 hadi 160. Kwa anayetoka Dallas kwenda Houston, safari ya kilomita 385 hivi, mji wa Corsicana uko mahali panapofaa kusimama, magurudumu yapoe, kisha spana itolewe.