Mfarishi wa Viraka kwa Mshoni Mpya

Nguo ikichakaa msiharakishe kuitupa. Mwaka 1942, huko Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, mjane Missouri Pettway alizishona nguo za kazi za marehemu mumewe zikawa mfarishi, apate kumkumbuka na kujifunika.

Anayeanza na ashone mfarishi mdogo wa mtoto. Kwanza vifue vitambaa vyote, kisha uvipige pasi. Visipofuliwa vitasinyaa baadaye, na kazi yote itakunjamana. Kata miraba 64, kila upande sentimita 17. Shona safu nane za miraba minane, ukiacha sentimita 1 kila ukingo, kisha ziunganishe safu hizo. Utapata sentimita 120 kwa 120.

Tandika shuka chini, blanketi kuukuu katikati na viraka juu. Piga bandi kuanzia katikati, ndipo ushone kwa mkono, sindano ikipenya tabaka zote tatu. Mishono ilingane kwanza. Udogo wake utakuja kwa mazoea. Mwisho pinda kingo, ufumue bandi.

Baba akiwa mbali kazini, shati lake kuukuu la nyumbani litawafunika wanawe usiku wa baridi.