Mkia wa Potamogale na Tope la Mweso

Msomaji wa Pinga ameuliza: mnyama wa pua pana na mkia mnene anayenaswa usiku katika migono ya vijito vinavyoingia Mto Mweso, ni mtoto wa fisi maji? Maelezo yake yanamwelekea Potamogale velox, aliyeelezwa kisayansi na Paul Du Chaillu mwaka 1860, mkazi wa mito ya misituni kuanzia Nigeria hadi mashariki ya Kongo. Si fisi maji, wala si panya. Vinasaba vimemweka katika ukoo mmoja na tembo, pimbi na nguva, kwa hiyo "panya-maji" ni jina la kupotosha. Nitamwita potamogale mpaka lipatikane bora.

Uhondo wake umo mkiani. Nyangumi, nguva na fisi maji hupiga maji juu na chini, kwa kuwa mgongo wa mamalia umezoea kupinda hivyo. Potamogale huuyumbisha mkia kushoto na kulia kama samaki. Umebanwa ubavuni, shina lake limejaa misuli, na vidole vya mnyama mwenyewe havina utando wa kuogelea. Ni kama mwenye pirogi aliyesimama tezini na kasia moja: halitoi majini, analipeleka huku na huko akilipindua kila linapogeuka, na kila upande linakokwenda linasukuma maji nyuma. Hakuna pigo linalopotea kwa kulirudisha kasia, hivyo chombo hakisiti. Ndivyo mnyama huyu anavyomfikia kaa kabla hajaingia chini ya jiwe.

Kwa kuwa anategemea windo la mtoni kama huyo kaa, naona yeye ni kipimo kizuri cha afya ya mto kuliko wanyama wengi wakubwa. Mtu atapinga: huwinda usiku kwa kupapasa na masharubu, basi maji machafu yanayotoka kwenye machimbo ya dhahabu na kasiteriti ya Walikale yatamdhuru vipi? Yanamdhuru kupitia chakula. Tope huziba nafasi kati ya mawe, ambamo kaa hujificha na viluwiluwi vya wadudu hukulia, na huziba matamvua ya samaki. Masharubu hayana la kufanya pasipo windo. Kaa na samaki hao ni kitoweo cha watu pia, tangu Pinga hadi Lowa na Lualaba, kwa hiyo maji ya kuoshea madini yatulizwe kwanza katika madimbwi, tope lizame, ndipo yarudishwe mtoni.