Daftari la Wasimamizi wa Wikipedia

Afunguaye Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ili asome habari za Kilwa au za malaria, aghalabu hafikiri kwamba ukurasa ule hutoka katika seva, yaani kompyuta zisizozimwa usiku wala mchana, na kwamba miaka ya mwanzo wengi waliozitunza walikuwa watu wa kujitolea, waliotawanyika nchi mbalimbali, hata mmoja akiingia kulala mwenziwe ndiyo kwanza anaamka.

Watu wa namna hiyo hawana afisi moja ya kuulizana. Kwa hiyo alichokitengeneza mtu hakina budi kuandikwa, la sivyo ilimu hubaki kifuani mwake, naye akiugua au akisafiri, jamaa wote hubaki gizani. Dawa yao ni tovuti ya pekee iitwayo Wikitech, wanamoeleza kila seva ina kazi gani, hutegemea nini, na ishikwe vipi inapoharibika. Fauka ya hayo lipo daftari la matukio, ambalo mimi nalistahi kuliko yote. Msimamizi aliye katika baraza lao la maongezi huandika neno moja la amri na sentensi fupi, tuseme kwamba ameiwasha upya seva fulani, na mara programu iliyo macho huinakili sentensi ile daftarini pamoja na jina lake, tarehe na saa; nayo ni saa ya ulimwengu iliyo moja kwa wote, wasije wa Ulaya na wa Australia wakahitilafiana.

Februari 2005 umeme ulikatika katika jumba la seva hizo mjini Tampa, Marekani, zikazimika zote kwa ghafla, na hazina za data kadhaa zikaharibika. Saa kama hiyo, maelezo ya kuiokoa seva yakiwa ndani ya seva iyo hiyo, ni sawa na ufunguo uliofungiwa sandukuni. Ndiyo maana nakala ya Wikitech, ya kusomwa tu, huwekwa mbali na mitambo yao. Kurasa zake ni wazi hata kwako msomaji, ila maneno ya siri hayaandikwi humo. Hiyo ni amana ya wachache.

Nawasihi wanaotunza kompyuta za madrasa, zahanati na maktaba zetu: mlichokitengeneza leo kiandikeni leo, na nakala moja iwekeni nje ya mashine hiyo.