Nyimbo za Mungu na nyimbo za dunia: mpaka uko wapi?

Katika makanisa yetu ya mashariki ya Kongo, ni mambo machache yanayoleta maneno upesi kama muziki. Vijana wanaleta gitaa na batri, na kabla ya ibada kwisha mzee mmoja anauliza kama tumekuja kanisani au tumekwenda baa. Vijana wanajibu kwamba hata Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano. Mara nyingine mgogoro unakua mpaka kwaya inagawanyika.

Katika mabishano hayo tunasikia sentensi mbili. Wa kwanza wanasema kwamba nyimbo za kitabu tulizopokea kwa wamisionari ni safi, hazikuchanganyika na dunia. Wengine wanasema muziki ni muziki tu, Mungu anatazama moyo. Tumeona vema tutazame nyuma, kwa Kanisa la Ulaya katika Karne za Kati, yaani tangu karibu mwaka 500 mpaka karibu mwaka 1500. Nyimbo nyingi za vitabu vyetu zilitufikia kwa njia ya Ulaya, na swali hili lilisumbua Wakristo wa huko muda mrefu kabla mmisionari yeyote hajafika kwetu. Tutaona kwamba historia hiyo haikubali sentensi ya kwanza, wala ya pili.

Swali la Augustino

Tuanze kabla kidogo ya Karne za Kati, tena hapa Afrika. Augustino alikuwa askofu wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba, katika Algeria. Karibu mwaka 400 aliandika katika kitabu chake cha Maungamo jinsi nyimbo za kanisa la Milano zilivyomtoa machozi alipokuwa mwongofu mpya. Lakini alijichunguza pia. Kila alipoona kwamba uimbaji umemgusa kuliko jambo linaloimbwa, alikiri kwamba ametenda dhambi, na saa hiyo alitamani asingemsikia mwimbaji. Hata hivyo hakufunga mlango. Aliona ni vema kanisa liimbe, ili walio dhaifu wainuliwe kwa njia ya masikio.

Watawa na maaskofu walisoma maneno hayo kwa karne nyingi. Tuyashike, maana tutayahitaji mwishoni: Augustino hakuuliza wimbo umetoka wapi. Aliuliza unampeleka wapi.

Sauti moja, bila chombo

Katika monasteri, muziki ulikuwa kazi ya kila siku. Kanuni ya Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, iliwaagiza watawa wakutane kwa sala mara nane kwa siku, usiku ukihesabiwa, na waimbe Zaburi zote 150 kila juma. Waliimba kwa Kilatini, wote sauti moja. Vyombo havikukubaliwa, kwa sababu walimu wa kanisa la kwanza walikuwa wamekataa filimbi, vinubi na ngoma. Vyombo hivyo viliwakumbusha watu michezo ya kuigiza, karamu za ulevi na ibada za miungu.

Uimbaji huo unaitwa wa Gregorio, kwa jina la Papa Gregorio wa Kwanza, aliyeongoza tangu 590 mpaka 604. Lakini wataalamu wengi wanaona kwamba ulipata sura yake baadaye, katika karne ya 8 na ya 9. Wakati huo Pepin na mwanawe Charlemagne, wafalme wa Wafranki, walitaka makanisa ya nchi yao yaimbe kama Roma. Uimbaji wa Roma ulipofika kwao ukachanganyika na wa wenyeji. Kwa hiyo hata wimbo unaohesabiwa kuwa mtakatifu kuliko zote ulizaliwa kwa mchanganyiko wa watu wawili.

Ni mtawa pia aliyetupa zawadi tunayoitumia kila Jumamosi katika mazoezi ya kwaya. Karibu mwaka 1030, Guido wa Arezzo, katika Italia, alikuwa akifundisha waimbaji waliochukua miaka mingi kujifunza nyimbo kwa kichwa. Aliandika noti juu ya mistari, kila mstari na sauti yake. Kisha akachukua wimbo wa zamani wa Yohana Mbatizaji, ambao kila sehemu yake inaanza noti moja juu ya ile iliyotangulia, akatwaa silabi za kwanza: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na si ikaongezwa. Mwalimu wa kwaya wa Bunia, Goma, Bukavu au Kindu anayefundisha do-re-mi anatumia kazi ya mtawa huyo. Na mpiga gitaa wa orkestra ya rumba anayejifunza do-re-mi anaitumia pia. Kitu kilichozaliwa kanisani kilikwenda duniani, na hakuna aliyekizuia.

Nje ya monasteri

Watu wa kawaida nao waliimba: nyimbo za mavuno, za harusi, za vita, za mapenzi. Nyingi zimepotea kabisa, kwa sababu ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, na waliojua kuandika walikuwa hasa watu wa kanisa. Zilizobaki kwa wingi ni za wakubwa. Guillaume wa 9, mtawala wa Aquitaine kusini-magharibi mwa Ufaransa (1071–1126), ndiye wa kwanza anayejulikana kati ya washairi walioitwa trubaduri. Hawa walitunga kwa lugha ya nyumbani mwao, si kwa Kilatini, na habari yao kubwa ilikuwa mapenzi. Mashairi yao yapatayo 2,500 yamehifadhiwa, lakini yenye melodi yake ni karibu moja tu katika kila kumi. Chini yao walikuwako wapiga muziki maskini waliozunguka masokoni na harusini. Viongozi wengi wa kanisa waliwahesabu kuwa watu wa aibu.

Mpaka ulionekana wazi basi: ndani Kilatini, nje lugha ya watu, ndani Zaburi, nje mapenzi. Lakini waimbaji walikuwa watu wale wale, na melodi haina mlango wa kufunga.

Melodi moja, maneno mawili

Kuna kitabu cha Uingereza cha karibu mwaka 1260, kinachohusishwa na monasteri ya Reading. Ndani yake mna wimbo unaoimbwa kwa kufuatana: mmoja anaanza, wa pili anamfuata na melodi ile ile, kisha wa tatu na wa nne, huku sauti mbili za chini zikirudia maneno mafupi. Maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa chini ya noti ni ya furaha ya majira ya joto, ndege akilia na ng'ombe wakiita ndama zao. Chini ya hayo, kwa wino mwekundu, kuna maneno mengine ya Kilatini kwa melodi ile ile, juu ya Mungu kumtoa Mwanawe afe kwa ajili ya wanadamu. Ukurasa mmoja umebeba shamba na msalaba.

Huko Paris, waimbaji wa kanisa kuu la Notre-Dame walikuwa wamejifunza tangu karne ya 12 kuongeza sauti nyingine juu ya wimbo wa Gregorio. Katika karne ya 13 ilitokea aina ya wimbo inayoitwa moteti. Sauti ya chini ilishika kipande cha wimbo wa kanisa, na juu yake sauti nyingine ziliimba maneno yao, mara nyingine sala kwa Kilatini, mara nyingine mapenzi kwa Kifaransa, yote kwa wakati mmoja. Hapa dunia ilikuwa imeketi juu ya mabega ya kanisa.

Mwaka 1324 au 1325 Papa Yohana wa 22 alitoa amri kutoka Avignon. Alilalamika kwamba waimbaji wanakata melodi vipande vipande, wanakimbia na noti fupi bila kupumzika, wanaongeza sauti za lugha ya mtaani, mpaka wimbo wenyewe hautambulikani na masikio yanalewa badala ya roho kuponywa. Hakukataza sauti nyingi zote. Aliruhusu zile rahisi siku za sikukuu, mradi wimbo ubaki na watu waabudu. Sisi Waprotestanti hatuko chini ya amri za Papa, lakini lalamiko lake lilikuwa la kichungaji: neno limefunikwa.

Walioleta wimbo mwingine

Viongozi wengine walichagua njia tofauti na ya kukataza. Katika karne ya 14, Richard Ledrede, askofu wa Ossory katika Ireland, alichoka kusikia makasisi wake wakiimba nyimbo chafu siku za sikukuu. Alitunga nyimbo 60 za Kilatini juu ya Kristo, kuzaliwa kwake na kufufuka kwake, na akawapa waziimbe badala ya zile nyingine. Juu ya baadhi ya nyimbo hizo yameandikwa maneno ya kwanza ya wimbo wa dunia uliojulikana, ili mwimbaji ajue melodi ya kutumia. Askofu alibadilisha maneno, akaacha melodi.

Mwisho wa karne hiyo watawa wa Montserrat, karibu na Barcelona, walikuwa na shida kama hiyo. Wasafiri waliokuja kukesha kanisani walitaka kuimba na kucheza ili wasisinzie. Watawa hawakuwafukuza. Waliwaandikia nyimbo za heshima, nyingine za kuchezwa kwa duara, wakieleza kwamba mahali pale hapafai nyimbo nyingine. Nyimbo hizo zinasifu hasa Maria, na hapo hatuwafuati. Lakini hekima ya mchungaji anayempa mtu mwenye kiu maji safi badala ya kumwambia tu aache ya matope, hiyo tunaweza kuipokea.

Na kinanda je?

Wako wanaosema kwamba kinanda cha kanisa ni chombo kitakatifu, gitaa ni cha dunia. Mwaka 757 mfalme wa Konstantinopoli alimtumia Pepin zawadi ya kinanda cha mabomba. Katika mji wake chombo hicho kilipigwa kwenye sherehe za mfalme na kwenye michezo ya mbio za farasi, wala hakikupigwa katika ibada. Huko magharibi kiliingia polepole makanisani, na baada ya karne chache watu walisahau kwamba kilikuwa chombo cha michezo. Wazee wetu wengi wanakumbuka kwamba ngoma nayo ilikatazwa kanisani. Leo tunaipiga tukimsifu Bwana, na hakuna anayeona ajabu.

Urithi wetu wenyewe

Wengine husema Martin Luther alitoa nyimbo zake baa. Si kweli. Nyingi alizitoa katika nyimbo za zamani za kanisa, au alizitunga. Lakini wimbo wake wa Noeli ulipochapishwa mwaka 1535 ulikuwa na melodi ya wimbo wa mchezo ambao watu waliujua. Mwaka 1539 ukapewa melodi nyingine, na hiyo ndiyo inayoimbwa mpaka leo.

Tufikiri pia juu ya wimbo wa Ijumaa Kuu unaotazama kichwa cha Bwana kilichojeruhiwa kwa miiba, unaopendwa na Waprotestanti wa nchi nyingi. Maneno yake yalitoka katika shairi la Kilatini la Karne za Kati, na mchungaji Mlutheri Paul Gerhardt akayaweka katika Kijerumani mwaka 1656. Melodi yake ni ya Hans Leo Hassler, aliyeichapisha mwaka 1601. Ulikuwa wimbo wa kijana aliyechanganyikiwa kwa ajili ya kumpenda msichana. Leo anayeusikia hafikiri msichana yule. Anafikiri Golgotha.

Tunajifunza nini

Kwa wazee tunasema: melodi kuwa imetoka duniani haitoshi kuihukumu. Tukitupa kila melodi iliyopita duniani, tutatupa pia nyimbo tulizobatizwa nazo.

Kwa vijana tunasema: kanisa halikuwahi kufikiri kwamba muziki ni muziki tu. Melodi inabeba kumbukumbu. Ile ya Hassler ilikuwa na miaka zaidi ya hamsini kabla ya kubeba maneno ya Gerhardt. Melodi iliyochezwa baa ya jirani usiku wa Jumamosi inaingia kanisani Jumapili asubuhi bado na harufu ya pombe, na ndugu aliyeacha ulevi mwaka huu anaisikia harufu hiyo kuliko wewe. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya ndugu dhaifu, na onyo lake linafika hata kwenye gitaa. Katika barua ile ile (1 Wakorintho 14:15) alitaka tuimbe kwa roho na kwa akili pia. Basi seben ikiwa ndefu na yenye nguvu mpaka hakuna aliyesikia neno hata moja, lalamiko la karne ya 14 linatuhusu.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja dogo. Kabla ya sikukuu inayokuja, wazee na kwaya wakae pamoja, maneno ya wimbo yakiwa yameandikwa mbele yao. Waulizane: Je, mama aliyekaa nyuma atasikia maneno? Je, melodi hii inawakumbusha nini watu wa kanisa letu, hapa tulipo? Je, tukimaliza kuimba, watu watamkumbuka Kristo au watamkumbuka mpiga gitaa? Na wimbo ukikataliwa, anayeukataa asitoke chumbani kabla ya kusaidia kupata mwingine, kama alivyofanya askofu wa Ossory.

Bwana awape wanakwaya wetu sauti, na awape wazee wetu masikio ya kusikia.