Paa Lisilo na Mshale

Wakazi wa kanda ya ziwa hawahitaji kufundishwa radi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko Ziwa Victoria, pepo za pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, na kabla ya alfajiri madirisha ya Mwanza yanatetemeka. Mimi kilichonisumbua ni paa. Kila nikitazama jengo la abiria la kiwanja cha ndege, natafuta ile fimbo ya kupokea radi, iliyochongoka kama mshale, na mara nyingi siioni.

Nilimuuliza fundi umeme mmoja aliyezeekea kwenye kazi hii. Akacheka. "Kijana wangu, paa lenyewe ndilo mshale." Paa la chuma lenye unene wa kutosha, likiungwa sawasawa, hupokea radi bila fimbo yoyote. Kazi ni kuishusha.

Akachuchumaa ukutani kunionyesha inakoshukia. Ukanda wa shaba, upana wa vidole viwili, umeteremka toka paani. Karibu na ardhi umekatwa, na ncha zake mbili zimebanwa kwa boliti. Hapo ndipo mzee anapopapenda. Hufungua boliti, akatenga paa na ardhi, akaunga mita yake upande wa chini pekee. Anataka isome omu 10 au pungufu. Lakini hata kabla ya mita, boliti imeshamwambia mengi: iking'ang'ania kwa ukoko wa kijani, anajua hakuna aliyepima kwa miaka.

Mwamba wa Mwanza humtoa jasho. Fimbo ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini, haiingii kwenye mwamba, na mwamba wenyewe haupitishi umeme vizuri. Inabidi achimbe mtaro kuzunguka jengo, alaze shaba, aifukie kwa udongo unaotunza unyevu. Tena hupima kiangazi, ardhi ikiwa imekauka. Anayepima masika, anasema, anajidanganya.

Radi ya kawaida hufikisha ampea 30,000 hivi. Plagi ya nyumbani huishia 13. Mwizi akikata shaba akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, paa litaendelea kupokea mzigo huo bila pa kuupeleka. Utajitafutia njia kwenye nyaya, mabomba na kompyuta.

Na hayo yote ni ya jengo. Vijana wanaopakia mizigo wako nje, penye uwazi, kando ya ndege. Viwanja vingi vya ndege duniani husimamisha kazi hiyo radi ikifika umbali wa kilomita 8 hivi, abiria wakanung'unika. Kwenye kiwanja kidogo kisicho na kifaa cha kuitambua radi, nani mwenye mamlaka ya kusema "ingieni ndani"? Na muda huo wa kusubiri anaulipia nani: shirika la ndege, kiwanja, au kibarua anayelipwa kwa siku?

Mzee alikaza boliti yake. Hayo, alisema, mita haipimi.