Mbwa wa Nyumbani Akitolewa Uvimbe

Mama, uvimbe mdogo chini ya ngozi ya mbwa wako si lazima uwe saratani, lakini usiukamue wala kuutumbua mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Usiku wa kuamkia upasuaji, mbwa asile. Akipewa nusukaputi akiwa ameshiba anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Maji aendelee kunywa mpaka asubuhi, isipokuwa daktari akikuelekeza vingine. Waambie na watoto. Kuna yule mdogo atakayemrushia tonge la ugali kwa huruma.

Akirudi atakuwa bado amelewa dawa, anayumbayumba. Hapo ndipo uwe macho zaidi. Mbwa mpole akiwa na maumivu humng'ata hata anayempenda, na mtoto atataka kumkumbatia. Mlaze peke yake, mahali pasafi, watoto wakae mbali. Mtoto aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mlete kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa.

Usimpe mbwa dawa zako za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumletea vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Mpe alizoandikiwa tu.

Kidonda kibaki kikavu na asikilambe. Kola ya plastiki shingoni husaidia. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kikitoa usaha, kikinuka au nyuzi zikifumuka, mrudishe bila kusubiri tarehe.