Samaki Karudi Baharini, Mgao wa Baharia Uko Wapi?

Saa kumi alasiri boti za uvuvi wa starehe huanza kurejea Watamu, pwani ya Kenya, moja moja, zikipenya mlango wa mwamba. Watu wa ufuoni hawana haja ya kuuliza kilichopatikana. Wanatazama juu tu. Bendera ndogo zilizofungwa kwenye kamba ndizo mtangazaji: hii ya sulisuli, ile ya nduaro, ile pale ya jodari. Boti isiyo na bendera hupita kimya, kama mtu aliyekwenda kudai deni akarudi mikono mitupu.

Ipo habari nyingine isiyopandishiwa bendera. Wageni wakishapiga picha, wakapeana mikono na kupanda gari la hoteli, baharia wa boti ya jirani husogea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Ametoa?" Hasemi ametoa nini. Hakuna asiyejua.

Pwani tuna majina mengi ya kitu hicho. Wazee waliita bakshishi, neno lililotufikia kwa njia ya majahazi. Vijana wanaita tipu. Malindi, mji uliozoea Waitaliano kiasi kwamba muuza shanga anabishana bei kwa lugha yao, utasikia pia mancia. Kulikuwa na "chai", neno zuri kabisa, hadi askari wa barabarani na makarani wakalichafua, na leo ukimwambia mtu umempa baharia chai atadhani kuna kosa mlilokuwa mnafichiana. Labda ndiyo sababu watu wa boti wamebaki na kitenzi kitupu: ametoa, hajatoa.

Swali hilo limekuwa zito miaka hii. Bei ya kukodi boti imepanda, na kadiri inavyopanda ndivyo mgeni anavyoona kwamba tayari amelipa vya kutosha. Kwa upande wake hajakosea. Pesa nyingi zimemtoka. Ila hazikwenda kwa mtu aliyemtungia chambo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana mgeni huiona nusu tu. Boti huondoka kama saa kumi na mbili asubuhi, lakini nahodha na mabaharia wake, kwa kawaida wawili, wamekuwapo kabla hapajapambazuka. Mishipi imekaguliwa, ndoana zimetiwa makali, chambo kimetungwa kimoja kimoja, kwa sababu chambo kilichokaa upande huzunguka majini na kusokota mshipi. Kisha ni kurambaza kwa saa nane au tisa, fito ndefu zimetanuliwa pande zote mbili kama mbawa, macho ya nahodha yakiwatafuta ndege wanaopiga mbizi. Mgeni anaweza kulala. Wao hawalali.

Nduaro akishika, kila picha itamwonyesha mgeni kitini, fimbo imepinda. Mtu asiyeonekana kwenye picha ni yule anayefanya kazi ya hatari kuliko zote: baharia anayevaa glavu na kuushika mshipi kwa mkono samaki akifika ubavuni. Samaki huyo anaweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo mia, ana mdomo kama mkuki, na hajakubali kuwa ameshindwa. Mshipi ukijiviringa mkononi na samaki akaamua kuzama, mkono unakwenda naye, na mwenye mkono pia. Hiyo ndiyo kazi inayojadiliwa baadaye ufuoni, mgeni akipapasa mifuko ya kaptura.

Mkwezi au fundi seremala hungoja ujira aliopatana. Kwa nini baharia angoje hisani? Nadhani jibu liko kwenye mchanga uleule, enzi za kabla ya boti za mashine. Mvuvi wa Kiswahili hakuwa na mshahara. Alikuwa na mgao. Chombo kikirudi, samaki walihesabiwa au kuuzwa mbele ya watu, na fungu likakatwa: la chombo, la nyavu, la nahodha, la mabaharia. Desturi zinatofautiana, na ugomvi haukukosekana, lakini kila mtu alijua chake kinatoka wapi. Tena kabla ya yote palikuwa na kitoweo, wale samaki wachache ambao baharia huondoka nao kwenda nyumbani hata siku ya uvuvi mbaya. Kitoweo hakikuwa zawadi. Nahodha aliyewanyima watu wake kitoweo angeamka kesho yake akakuta ngarawa haina wa kuisukuma.

Uvuvi wa starehe ulipoingia pwani hii ulikuja na hesabu nyingine. Mwaka 1934 mwandishi Ernest Hemingway alivua Malindi alipokuwa katika safari yake ya Afrika Mashariki, na hadi leo Watamu kuna hoteli yenye jina lake. Jina la baharia aliyemtilia chambo halikubandikwa kwenye hoteli yoyote. Hapo pwani ikaanza kuuza kitu ambacho si samaki: siku moja baharini. Anayelipa halipii kilo, analipia mvutano. Hata hivyo samaki walikuwa bado wanateremshwa, wananing'inizwa kwenye mzani, wanapigwa picha, kisha wanagawanywa. Kwenye boti nyingi desturi ni kwamba samaki ni mali ya boti, mgeni huchukua wa kula chakula cha jioni. Baharia aliendelea kupata kipande chake. Bakshishi ilikuwa nyongeza tu.

Kisha ukaja utaratibu wa kumwachia samaki. Sasa nduaro na sulisuli wengi hutiwa alama na kurudishwa majini, na kumbukumbu zao hukusanywa na shirika la African Billfish Foundation lenye makao yake hapa hapa Kenya. Mimi naunga mkono utaratibu huo. Samaki wale ni wasafiri, leo wako kwetu kesho Bahari ya Uarabuni, na pwani inayowamaliza inajimaliza yenyewe. Ila tusijifanye hatuoni nani aliyelipia uamuzi huo. Samaki aliyerudi majini hana fungu. Mgeni amebaki na picha na hadithi, mwenye boti amebaki na ada yake, sayansi imepata takwimu. Baharia amebaki na mikono inayowashwa na chumvi. Jodari, felusi na nguru bado huteremshwa, ni kweli, na kitoweo hakijafa. Lakini yule samaki mkubwa aliyekuwa akigeuka pesa hageuki tena, na mahali pake paliwekwa bakshishi bila mtu yeyote kuketi chini na kupatana.

Sasa bei. Mwenye boti naye si wa kutupiwa mawe haraka. Januari 2021 lita ya dizeli Nairobi ilikuwa chini ya shilingi 100. Julai 2023 ushuru wa ongezeko la thamani kwenye mafuta uliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Oktoba mwaka huohuo dizeli ikapita shilingi 205. Baadaye iliteremka, lakini haikurudi ilikotoka. Chukua boti yenye injini mbili inayokunywa lita 200 kwa siku, na hizo si nyingi ikiwa inakwenda hadi maeneo ya mbali ya uvuvi kama North Kenya Banks. Siku iliyokula shilingi 20,000 za mafuta ikaja kula 41,000. Hapo hujaweka vipuri vinavyoagizwa ng'ambo, wala rangi ya chini ya boti, wala ile miezi ya kusi ambayo bahari inachafuka na boti zinapandishwa nchi kavu bila kuingiza hata senti. Na kumbukumbu ya 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti, haijafutika. Wapo waliouza injini ili wale.

Kwa hiyo bei ikapanda. Lakini kuna fumbo jingine ambalo wageni wachache hulijua, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Bei za safari nyingi hutajwa kwa dola au yuro. Mafuta, unga na karo za watoto hulipwa kwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, na ikatulia hapo. Nairobi watu walishangilia, na walikuwa na sababu.

Fanya hesabu ufuoni. Mgeni aliyekodi boti kwa dola 600 akatoa asilimia 10, yaani dola 60, zikagawanywa sawa kwa watu watatu, kila mmoja alipata dola 20. Januari 2024 hizo zilikuwa shilingi 3,200. Miezi michache baadaye mgeni yuleyule, mwenye moyo uleule, akitoa dola zilezile, zilikuwa shilingi 2,580. Shilingi 620 zimeyeyuka na hakuna aliyekuwa bahili. Wakati huohuo mwenye boti, ambaye dola zake nazo zimepungua nguvu, anaongeza bei ili afikie gharama zake. Mgeni anaona 600 imekuwa 700, anaguna, na anajirudishia sehemu ya ile mia kwenye mahali pekee anapoweza kukata bila kubishana na mtu: bakshishi. Baharia amepigwa na wimbi moja mara mbili, likija na likirudi.

Wamarekani wamelimaliza jambo hili kwa asilimia, au wanadhani wamelimaliza. Kule kwao kwenye boti za kukodi, desturi ni kumwachia baharia asilimia 15 hadi 20 ya bei ya safari, na wapo mabaharia ambao kipato chao karibu chote ni hicho. Uzuri wa asilimia ni kwamba bei ikipanda nayo inapanda. Ubaya wake umeonekana mafuta yalipopaa: mgeni anauliza, mbona nitoe asilimia 20 juu ya gharama ya dizeli? Baharia kaifanyia nini dizeli? Swali hilo si la kipuuzi, na nahodha wengi hawana jibu zaidi ya kusema ndiyo desturi. Isitoshe, desturi ile imekaa ndani ya nchi ambayo sheria yake ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mtu wa tipu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991. Tukichukua asilimia yao tuangalie tusije tukachukua na hiyo.

Wanaokuja kwetu, tena, hawatoki mahali pamoja. Mmarekani huuliza kiasi kabla hajapanda boti. Mwitaliano na Mwingereza wanaweza kuwa wakarimu sana au wasitoe kitu, na wote wawili wakaondoka na dhamiri safi, kwa sababu kwao mshahara ni kazi ya mwajiri. Mkenya kutoka Nairobi, ambaye siku hizi ni mteja muhimu wakati wa Krismasi na Pasaka, hutuma kwa M-Pesa. Huyo ndiye wengi wanampenda kimyakimya: pesa inaingia kwenye simu palepale, haihitaji kubadilishwa, na haipiti mkono wa mtu.

Hilo la kupita mikononi lina uzito wake. Mgao wa zamani ulifanywa mchangani, hadharani, hata watoto wakihesabu. Bakshishi hutolewa kwenye bahasha, mara nyingi kwa nahodha, mara nyingine kwenye sanduku la hoteli ambalo hugawiwa hadi mtu wa bustani. Simnyimi mtu wa bustani. Lakini baharia aliyeshika mshipi wa nduaro akipewa fungu lililokatwa gizani, atashuku hata kama amepewa haki yake. Nimeona mabaharia wawili, watu wa mtaa mmoja, hawasemezani msimu mzima kwa bahasha ambayo hakuna kati yao aliyeifungua.

Dawa ninayoiona si ya gharama. Mwenye boti, awe mwenyeji au mgeni aliyehamia, amlipe baharia mshahara unaosimama bila bakshishi, msimu na nje ya msimu. Wapo wanaofanya hivyo, na boti zao hazibadilishi mabaharia kila Agosti. Siku mgeni anapoulizia bei aambiwe bila haya: watu watatu watakuhudumia, desturi yetu ni kiasi fulani cha shilingi kwa kila mmoja, hukulazimishwa. Kwa shilingi, si kwa asilimia ya mafuta. Na itolewe mbele ya wote watatu. Tunaona aibu kulitaja jambo hili kwa sababu tunaliona kama kuomba, na aibu hiyo ndiyo inayomgeuza baharia kuwa mwombaji kweli, akizungukazunguka karibu na kiti cha mgeni na ndoo ambayo hairudishi mahali pake.

Mgeni akishaondoka kazi haijakwisha. Fimbo zote husuuzwa kwa maji baridi, rili hupanguswa, sakafu husuguliwa damu. Ni saa mbili nyingine. Giza likianza kuingia ndipo baharia anapofungua kiganja aone vizuri alichoshikishwa. Mara ni noti ya elfu ya zamani, ile iliyoacha kutumika mwishoni mwa Septemba 2019, ambayo mgeni aliitunza kwenye droo tangu safari yake ya mwisho. Mara ni noti ya dola iliyochanika pembe, na duka la kubadilisha fedha haliitaki. Mara nyingi ni sarafu za yuro, nzito, zinang'aa, na hakuna benki hapa inayopokea sarafu.

Basi huoga, hubadilisha shati, na kabla ya kwenda nyumbani hupitia lango la hoteli. Husimama pembeni na sarafu zake kumi na nne mfukoni, akiwasubiri Waitaliano wanaorudi kwao kesho, apate mmoja wa kumpa noti.